Fahali Wawili, Zizi Moja: Kutoka Shinkolobwe hadi Akili Mnemba

Wapenzi wa tungo, naomba niwape kwanza kisa cha nyumbani, ndipo niingie katika historia. Mwezi uliopita nilikuwa nikitunga utenzi mfupi, na kipande chake kimoja kilisomeka hivi: Mtu mmoja na nchi. Mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu na ambaye simu janja haimtoki mkononi, akaniuliza kama kipande hicho kimetimia. Nikamhesabia kwa vidole kama nilivyofundishwa: m-tu, m-mo-ja, na, n-chi. Mizani nane. Hakuridhika. Akaziuliza mashine tatu za akili mnemba, za kampuni tatu tofauti. Ya kwanza ikasema mizani tano. Ya pili tano. Ya tatu tano, tena ikanishauri kwa upole niongeze maneno ili kipande kisipwaye.

"Bibi," akasema kwa adabu, lakini uso ukimng'aa kwa ushindi, "zote tatu zimekubaliana."

Kwa msomaji wa ukurasa huu sina haja ya kueleza sana kosa lilipo. M ya "mtu" na n ya "nchi" ni silabi kamili. Hutamkwa peke yake, na katika maneno hayo mawili ndiyo hata inayobeba mkazo. Mashine zile ziliiona kama konsonanti iliyoning'inia tu mbele ya neno. Wanafunzi wangu wamelifanya kosa hilo kwa zaidi ya miaka thelathini na sikuwahi kulikosea usingizi. Safari hii nililikosea usingizi kwa sababu ya maneno yale mawili, "zote tatu".

Miongoni mwa wanaotengeneza mashine hizi na wanaozichunguza kuna mjadala wa siku nyingi. Je, ni salama zaidi kuwa na akili mnemba moja yenye nguvu kubwa, iliyo chini ya mamlaka moja yenye uangalifu, au kuwa na kadhaa zinazochungana? Wapo wasemao moja, kwa kuwa asiye na mshindani hana sababu ya kukimbia. Wapo wasemao nyingi, kwa kuwa asiye na mshindani hana wa kumrudi akikosea. Wahenga walikwisha kulitia neno: fahali wawili hawakai zizi moja. Ila methali haikutuambia zizi lenye fahali mmoja likoje kwa ndama.

Swali hili nilikwisha kuulizwa kabla mashine hizo hazijakuwapo, nami nilishindwa kulijibu. Nilikuwa nikifundisha Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Historia katika sekondari zetu wakati huo ilifundishwa kwa Kiingereza, lakini swali zito lilikuja kwa Kiswahili. Binti mmoja wa kidato cha nne, mkimya wa kawaida, akanyoosha mkono: "Mwalimu, bomu la atomiki lilipotumika vitani, nchi ngapi zilikuwa nalo?" Nikamjibu: moja. Akauliza tena: "Na nchi zilipokuwa nyingi, limetumika mara ngapi?" Nikamjibu: hata mara moja. Akaketi. Mimi nikageukia ubao nikaendelea na tarehe zangu kana kwamba hakuna lililosemwa. Leo ningempa jibu refu zaidi.

Ningeanzia Shinkolobwe, katika Katanga, kusini mwa Kongo. Mawe ya mgodi ule yalikuwa tajiri kwa urani kuliko ya mgodi mwingine wowote uliojulikana wakati huo. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Kibelgiji, Union Minière, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kazi katika migodi ya Katanga, Kiswahili chenye lafudhi na msamiati wake ambao sisi wa pwani na wa Tanganyika tulizoea kuucheka bila haki. Mwaka 1940 mkurugenzi wa kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha tani zipatazo 1,200 za mawe hayo hadi Staten Island, New York, akihofia yasiangukie mikononi mwa Wajerumani. Septemba 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka huko. Basi anayedhani kwamba habari za silaha kuu ni habari za watu wa mbali na akumbuke kwamba jiwe lenyewe lilichimbwa na watu walioamriwa kazi kwa lugha yetu.

Tarehe 16 Julai 1945 bomu la kwanza lilijaribiwa katika jangwa la New Mexico. Tarehe 6 Agosti bomu lilitupwa Hiroshima, na tarehe 9 jingine likatupwa Nagasaki. Kwa miaka minne iliyofuata Marekani ilikuwa fahali pekee zizini. Jenerali Leslie Groves, aliyeusimamia mradi, alidhani huenda Wasovieti wangehitaji hata miaka 20 kuifikia. Naye alikuwa amejitahidi kuishika urani ya dunia, pamoja na ile ya Kongo, mikononi mwa Marekani na Uingereza. Wanasayansi wengi hawakukubaliana naye. Walijua kwamba siri ya maumbile haifungiwi kabatini. Mwingine akitazama kwa bidii ataiona.

Machi 1946 ikatoka ripoti ambayo naihesabu kuwa miongoni mwa maandiko yenye busara zaidi ya karne ile, ingawa haisomwi sana. Iliandaliwa chini ya Dean Acheson wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani na David Lilienthal, na mawazo yake mengi yalikuwa ya mwanafizikia J. Robert Oppenheimer. Ilisema kwamba kupiga marufuku na kutuma wakaguzi hakutoshi, kwa sababu njia ya kuzalisha umeme wa nyuklia na njia ya kuunda bomu ni moja kwa sehemu kubwa ya safari, na mkaguzi atabaki kumfukuzia mwenye kinu kwa nyuma siku zote. Ikapendekeza chombo kimoja cha kimataifa kimiliki migodi ya urani na vinu vyote vya hatari, nchi ziachiwe kazi zisizo na madhara. Huo ni "umoja" kamili. Lakini waandishi wakaongeza jambo ambalo wengi hulisahau: vinu vile visirundikwe mahali pamoja. Vitawanywe katika nchi mbalimbali, ili siku taifa moja likivinyakua vilivyo kwake, unyakuzi wenyewe uwe king'ora, na mataifa mengine yawe na vya kwao vya kusawazishia. Mamlaka moja, mahali pengi. Kila ninapousoma mjadala wa akili mnemba najiuliza kwa nini wazo hilo halirudiwi mara nyingi zaidi.

Rais Truman akamteua Bernard Baruch, tajiri wa masoko ya hisa mwenye umri wa miaka 75, auwasilishe mpango huo mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliusoma New York tarehe 14 Juni 1946, akiwa ameutia makali: adhabu nzito kwa atakayevunja, na hakuna kura ya turufu ya kumwokoa mvunjaji. Aidha, Marekani isingeyaacha mabomu yake hadi chombo kile kisimame na kufanya kazi. Siku chache baadaye Andrei Gromyko akajibu kwa niaba ya Wasovieti: mabomu yaharamishwe na kuteketezwa kwanza, udhibiti ufuate. Kila upande ulimwambia mwenzake, tangulia wewe. Tarehe 1 Julai, siku 17 tu baada ya hotuba ya Baruch, Marekani ikalipua bomu jingine la majaribio katika kisiwa cha Bikini, mbele ya wageni walioalikwa kutazama. Mwishoni mwa Desemba kamisheni ya Umoja wa Mataifa ikapiga kura: kumi wakaunga mkono, Muungano wa Kisovieti na Polandi wakajizuia. Bila ya Wasovieti kura ile ilikuwa karatasi.

Baruch hulaumiwa peke yake, na sidhani kama ni haki. Stalin alikuwa amekwisha kuamuru bomu lake litengenezwe, na sioni kipengele ambacho kingemrudisha nyuma kwa wepesi. Hata hivyo mpango ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa nayo: "mmoja" aliyependekezwa alitoka nyumbani kwa yule aliyekuwa mmoja tayari. Mwenye kisu mkononi akisema visu vyote vitiwe kapuni, wenzake hutazama kwanza mkono wake.

Hofu hizi mbili, ya mmoja na ya wengi, ziliwafikisha watu wenye akili mahali pa kushangaza. Bertrand Russell, mwanafalsafa wa Uingereza ambaye baadaye angeongoza maandamano ya kupinga silaha za nyuklia, mwishoni mwa miaka ya 1940 alitetea wazo la kuwatisha Wasovieti kwa vita wakubali udhibiti wa kimataifa kabla hawajalipata bomu lao. Upande wa pili alikuwapo Theodore Hall, mwanafizikia wa miaka 19 huko Los Alamos, aliyewapenyezea Wasovieti siri za bomu. Miaka mingi baadaye, akiwa mzee, alieleza kwamba aliiogopa hatari ya Marekani kulimiliki bomu peke yake. Mmoja alikuwa tayari kutishia vita ili wasiwe wawili. Mwingine alikuwa tayari kuisaliti nchi yake ili wawe wawili. Wote walidhani wanaiokoa dunia.

Klaus Fuchs, mwanafizikia mwingine wa Los Alamos, alipeleka siri nyingi kumzidi Hall. Tarehe 29 Agosti 1949 Wasovieti wakalipua bomu lao la kwanza, nalo lilikuwa nakala ya lile la Nagasaki. Tafadhali, msomaji, liweke akiba neno hilo "nakala".

Basi fahali wakawa wawili, kisha wakaongezeka: Uingereza mwaka 1952, Ufaransa mwaka 1960 ikilijaribu lake katika Sahara ya Algeria, Uchina mwaka 1964. Binti wa kidato cha nne angesema kwamba halikutumika tena vitani hata mara moja, na angesema kweli. Lakini kuna usiku ambao ningependa aujue.

Ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 26 Septemba 1983. Mimi wakati huo nilikuwa mwanachuo wa ualimu, nikihangaika na maandalio ya somo kwa mwanga wa kibatari, bila habari yoyote. Karibu na Moscow, Luteni Kanali Stanislav Petrov alikuwa zamu katika kituo cha siri kilichopokea taarifa za setilaiti. Mitambo ikaonyesha kombora limerushwa kutoka Marekani. Kisha jingine. Hatimaye matano. Wiki tatu nyuma Wasovieti walikuwa wameitungua ndege ya abiria ya Korea Kusini, na pande zote mbili zilikuwa zimekaza misuli. Kanuni za kazi zilimtaka Petrov awaarifu wakubwa kwamba shambulio limeanza. Yeye akawaza kwamba anayeanzisha vita vya namna hiyo haanzi kwa makombora matano. Tena rada za ardhini, ambazo hazikutegemea setilaiti zile, hazikuona kitu. Akatoa taarifa kwamba mtambo umekosea. Na kweli ulikuwa umekosea: mwanga wa jua ulikuwa umegonga mawingu ya juu na kuzihadaa setilaiti.

Hili ndilo jibu ambalo ningempa yule binti. Mwenye bomu alipokuwa mmoja, alilitumia kwa kukusudia. Walipokuwa wawili, hawakulitumia kwa kukusudia, lakini nusura lilipuke kwa bahati mbaya. Hatari ilihama nyumba: ilitoka katika nia ya mwenye nguvu, ikaingia katika haraka na hofu za washindani. Na usiku ule tuliokolewa na mambo mawili madogo, mtu aliyethubutu kushuku, na shahidi wa pili ambaye hakusikia habari kwa kinywa kilekile cha wa kwanza.

Nije sasa kwa mashine. Mwaka 1965 I. J. Good, mwanahisabati aliyefanya kazi pamoja na Alan Turing ya kufumbua maandishi ya siri ya Wajerumani huko Bletchley Park, Uingereza, aliandika kwamba mashine itakayomzidi binadamu kwa akili itaweza kubuni mashine bora kuliko yenyewe, nayo hiyo itabuni bora zaidi, hadi binadamu aachwe nyuma kabisa. Ikiwa ni hivyo, basi atakayetangulia kwa hatua moja huenda asifikiwe tena. Ndiyo maana swali la mmoja au wengi lina uzito kwa akili mnemba kuliko kwa mtambo wa kawaida.

DeepMind ilianzishwa London mwaka 2010, na Januari 2014 ikanunuliwa na Google. Baadhi ya matajiri na watafiti wa California wakaingiwa na hofu ya "mmoja". Desemba 2015 wakatangaza kuanzishwa kwa OpenAI, wakati huo ikiwa taasisi isiyotafuta faida. Barua pepe zao, zilizokuja kuanikwa mahakamani katika kesi ya Elon Musk, zinaonyesha hofu hiyo waziwazi: waliogopa kwamba mtu mmoja angeweza kuwa dikteta kwa nguvu ya mashine. Hiyo ni hoja ya Theodore Hall, ingawa wao hawakuiba kitu. Aprili 2018 OpenAI ikatoa hati ya misingi yake yenye ahadi isiyo ya kawaida: iwapo mradi mwingine wenye maadili yanayolingana na yao na unaojali usalama utakaribia lengo kabla yao, wataacha kushindana nao na wataanza kuusaidia. Yaani hata waliomkimbia mmoja waliona kwamba mashindano nayo yana sumu, wakaacha mlango wa nyuma wazi. Mwaka 2021 baadhi ya waliokuwa watumishi wake wakaanzisha Anthropic, wakisema kwamba usalama ndio shabaha yao. Kila aliyeliogopa zizi la jirani alijenga la kwake, na kila zizi likaongeza fahali.

Tarehe 30 Novemba 2022 ChatGPT ilifunguliwa kwa umma. Google, iliyokuwa na mashine za aina hiyo lakini ikisita kuzitoa, ikakaza mwendo. Februari 2023 ikaitangaza Bard, na ndani ya tangazo lenyewe mashine ikatoa maelezo yasiyo sahihi kuhusu darubini ya anga ya James Webb. Thamani ya hisa za kampuni mama, Alphabet, ikashuka kwa takriban dola bilioni 100 kwa siku moja. Kosa lile halikumdhuru mtu, na mhariri wa gazeti la ukutani la shule angelikamata kabla ya gundi kukauka. Nalitaja kwa sababu linaonyesha haraka inavyokula uangalifu hata kwa kampuni isiyokosa fedha wala wataalamu. Mwezi uliofuata maelfu ya watu, wakiwamo watafiti wa sifa, walitia saini barua ya wazi wakiomba kazi ya kufunza mashine zenye nguvu zaidi isimamishwe kwa miezi sita. Mbio hazikusimama. Tangulia wewe, kama mwaka 1946. Julai 2023 Meta iliachia mfumo wake wa Llama 2 upakuliwe na kuendeshwa na watu wengine, na Januari 2025 DeepSeek ya Uchina ikafanya vivyo hivyo kwa mfumo wake. Baada ya hapo anayetaka "mmoja" ana kazi ya kukusanya maji yaliyokwisha kumwagika.

Mataifa nayo yamejaribu. Tarehe 1 na 2 Novemba 2023 nchi 28 pamoja na Umoja wa Ulaya, zikiwa zimekutana Bletchley Park palepale alipofanyia kazi Good, zilikubaliana juu ya tamko la kushirikiana kuzielewa hatari hizi. Marekani na Uchina zilikuwamo. Kenya na Rwanda pia. Tamko halina mkaguzi wala adhabu.

Mlinganisho wangu wa bomu na mashine una mipaka, na mwanafunzi mzuri angenikatiza hapa. Bomu halijilipui kwa hiari yake. Mabomu ya mahasimu hayawezi kuzungumza na kuafikiana kinyume cha wenyewe. Na urani hulindwa langoni mwa mgodi, ilhali programu husafiri kama uvumi. Lakini linalonisumbua zaidi ni kwamba hesabu yenyewe ya "wangapi" huniponyoka. Tunahesabu nini? Majina ya kampuni? Mashine tatu za mjukuu wangu zina majina matatu, wamiliki watatu, na kosa moja. Sioni ajabu. Maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache, ya arudhi ni machache zaidi, na zote zimekunywa kisima kilekile, kisha zikahesabu silabi zetu kwa sikio la Kiingereza. Mashahidi watatu waliosikia kwa kinywa kimoja ni shahidi mmoja. Bomu la 1949 lilikuwa la pili kwa hesabu ya wenye mabomu, lakini kwa hesabu ya maumbo lilikuwa ni lilelile.

Hata mgodi wao umekaribia kuwa mmoja. Sehemu kubwa ya chipu za hali ya juu zinazofunzia mashine hizi hutengenezwa na kampuni moja ya Taiwan, TSMC, kwa kutumia mitambo ambayo ASML ya Uholanzi peke yake ndiyo iwezayo kuiunda. Oktoba 2022 Marekani iliwekea mipaka mauzo ya chipu hizo kwa Uchina. Jenerali Groves angelitambua jambo hilo bila kuelezwa.

Sisi wa lugha tuna uzoefu wetu wa "mmoja". Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kuanzia Januari 1930 Kamati ya Lugha ikavisimamia vitabu vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Faida yake naijua: nimefundisha darasa la watoto wa makabila kumi kwa kitabu kimoja cha sarufi. Hasara yake malenga wa Mombasa na Lamu wanaijua kunishinda. Lakini Kimvita hakikufa, kwa sababu Kamati haikuweza kuingia katika kila chumba ambamo mtu alikuwa akitunga. Mashine huingia. Kijana anayejifunza kutunga leo humwonyesha mwalimu wake kazi ikiwa imekwisha kusahihishwa, na yawezekana vizazi viwili tu vikatosha m ya "mtu" isihesabiwe tena na yeyote.

Mkinilazimisha nipige kura, nitawapigia wengi, bila furaha. Sina imani na mlinzi asiyelindwa, hata awe na nia njema kama Oppenheimer. Ila nataka wengi wa kweli: waliosomeshwa kwa vitabu tofauti, wenye kukosea kwa namna tofauti, ili mmoja akiona makombora matano mwingine aweze kusema hajaona kitu. Na nataka kitu juu yao kinachofanana na chombo cha ile ripoti ya Machi 1946, chenye haki ya kuingia na kukagua, kisichokuwa mali ya mshindani yeyote. Najua hoja dhidi yangu. Wengi wakiwa mbioni, asiyejali kuliko wote ndiye anayewapangia mwendo. Sijapata jibu linaloniridhisha, na Petrov mmoja kwa kila kituo ni matumaini tu.

Jambo moja halimo katika mjadala ule, nami siwezi kulipita. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola mbili kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu, ili ChatGPT ifundishwe kuyaepuka. Usalama wenyewe wa mashine, basi, sehemu yake ilichimbwa hapa kwetu, kama urani ilivyochimbwa Shinkolobwe. Katika mwaka 1946 wachimbaji wa Katanga hawakuulizwa kama wangependa mwenye bomu awe mmoja au wawili. Waliosoma uchafu ule Nairobi nao sijasikia kama kuna aliyewauliza.

Mjukuu wangu nilimwambia hivi: usiulize mashine ya nne, nenda nyumba ya tatu kwa yule mzee wa Kipemba, asiye na simu janja, umsomee kipande. Alikaa huko hadi magharibi. Aliporudi akasema, "Bibi, mzee naye anasema nane." Kisha akasita. "Lakini anasema utenzi wenyewe haujakolea."

Hilo la pili tumelipeleka barazani.